Ifufue Lenzi ya Zamani kwa Mikono Yako: Vidokezo 14

Ziko lenzi nyingi za zamani zimelala makabatini, zinasubiri tu mtu mwenye bisibisi ndogo na mchana mmoja wa utulivu. Pete ya fokasi imekuwa nzito, vibapa vya ndani vinavyofungua na kufunga tundu la mwanga vimelowa mafuta, kioo kimeota kuvu, na mwenyewe ameshaambiwa “hii basi tena.” Nani kasema? Lenzi za kabla ya enzi ya elektroniki hazina saketi wala mota. Ni vioo, pete, skrubu na grisi. Zilifungwa kwa mkono, na kwa mkono zinafunguka.

Siri ya kazi hii haiko kwenye nguvu wala vifaa vya gharama. Iko kwenye alama: weka alama kabla hujazungusha chochote, na usifungue zaidi ya pale palipo na ugonjwa. Haya, tuanze!

1. Anza na Helios 44-2

Kama hujawahi kufungua lenzi, usijifunzie kwenye lenzi ya bei ya pikipiki. Tafuta Helios 44-2, ile iliyokuja na kamera za Zenit kutoka Umoja wa Kisovieti. Ilitengenezwa kwa wingi sana katika kiwanda cha KMZ mjini Krasnogorsk, karibu na Moscow, na baadaye katika viwanda vingine, kwa hiyo bado inapatikana kwa bei ya kibinadamu. Ni milimita 58, inafunguka hadi f/2, ina vioo sita na vibapa 8. Mchoro wake umetokana na Biotar, kazi ya Willy Merté wa kampuni ya Zeiss ya Jena, Ujerumani, kutoka kabla ya Vita vya Pili vya Dunia. Yaani kwa bei ndogo unashika urithi mkubwa.

Ila sababu hasa ya kuichagua ni nyingine. Tundu lake la mwanga hufungwa kwa mkono wako: pete moja unachagulia namba, ya pili unazungusha kufungua na kufunga. Hakuna springi na vijiti vinavyosukumwa na kamera, na vitu hivyo ndivyo vinavyomkimbiza mwanafunzi kwenye lenzi nyingine. Ukitaka kujua umri wa yako, soma namba iliyochongwa mbele. Mara nyingi tarakimu mbili za mwanzo ni mwaka: ikianza na 78, basi ni ya 1978.

2. Mulika kabla ya kufungua

Zima taa ya chumba, fungua tundu la mwanga mpaka mwisho, kisha mulika lenzi kwa tochi ya simu kutoka nyuma huku ukiitazama kwa mbele, kwa mshazari. Sasa utaona kila kitu. Nyuzinyuzi zinazotambaa kutoka ukingoni kama utando wa buibui ni kuvu. Weupe uliotanda sawasawa kwenye kioo kizima ni ukungu wa mafuta yaliyopanda kutoka kwenye grisi. Rangi za upinde wa mvua pembezoni maana yake vioo viwili vilivyogundishwa vimeanza kuachana. Vibapa vinavyong’aa kwa unyevunyevu vimelowa mafuta.

Na vumbi je? Liache! Punje kadhaa za vumbi ndani ya lenzi hazionekani kwenye picha, na kuzifungulia kioo ni kualika vumbi jingine. Wengi huharibu lenzi nzima kwa ajili ya punje tatu.

Zungusha pia pete zote mbili huku macho yamefumba. Mikono husikia mengi: mkwaruzo wa mchanga, mahali panapokwama, pete inayocheza. Andika unachokisikia kwenye karatasi. Hiyo ndiyo orodha yako ya kazi, na kisichokuwemo hakiguswi.

3. Nunua vichache, vilivyo sahihi

Huhitaji sanduku la zana. Unahitaji bisibisi ndogo za fundi saa zenye ncha nzima, kibano, pampu ya mpira ya kupulizia vumbi, na spana ya lenzi, ile yenye ncha mbili zinazosogezwa kulingana na upana wa pete. Ongeza vijiti vya pamba, karatasi laini za kufutia lenzi na glavu nyembamba.

Kuna jambo moja ambalo wauzaji wengi hawakuambii. Lenzi za Kijapani zina skrubu za nyota zinazofuata kipimo cha Kijapani, JIS. Kwa macho zinafanana kabisa na nyota ya kawaida, lakini bisibisi ya kawaida haikai mpaka chini. Inapanda, inateleza, na kichwa cha skrubu kinaliwa. Kama mpango wako ni Takumar, Nikkor au Canon za zamani, bisibisi za JIS zitajilipa siku hiyo hiyo. Kwenye Helios utakutana zaidi na skrubu za mfereji mmoja, kwa hiyo bisibisi ya bapa yenye upana unaojaa mfereji wote inatosha.

4. Simu juu, trei chini

Kabla hujatoa kipande, piga picha. Baada ya kukitoa, piga nyingine. Simu yako ina nafasi, itumie! Chini, tandika taulo la rangi moja ili skrubu ikidondoka isiruke mpaka chini ya kabati. Vipande vipange kwenye trei ya barafu au trei ya mayai ya plastiki kwa mpangilio ulivyovitoa, kishimo kimoja hatua moja. Ya karatasi iache jikoni, maana inamwaga nyuzi. Ukimaliza, unarudi kinyumenyume kutoka kishimo cha mwisho hadi cha kwanza, bila kujiuliza “hii nayo ilitoka wapi?”

Skrubu tatu za mahali pamoja si lazima ziwe na urefu sawa. Kila moja irudi kwenye tundu lake.

5. Pete ya jina hutoka kwa mpira wa baiskeli

Ile pete ya mbele yenye maandishi ya jina la lenzi mara nyingi ndiyo mlango wa kuingilia, na mara nyingi haina mfereji wa kuwekea spana. Inatolewa kwa msuguano tu. Mafundi hununua seti ya vizibo vya mpira, lakini wewe unaweza kutengeneza chako leo jioni. Kata kipande kifupi cha bomba la maji la plastiki chenye upana unaolingana na pete hiyo, sawazisha ukingo kwa msasa, kisha vuta kipande cha tyubu ya baiskeli kifunike mdomo wake. Hakikisha mpira unagusa pete peke yake, haugusi kioo.

Simamisha lenzi mezani, bonyeza kwa uzito wa mkono, zungusha kinyume cha saa. Ikiteleza, safisha mpira na pete kwa spiriti ukajaribu tena. Mafuta ya vidole yanatosha kuutelezesha.

6. Skrubu ikigoma, usigombane nayo

Kiwandani skrubu nyingi zilifungiwa rangi au lakha ili zisilegee. Dondosha tone dogo la asetoni kwa ncha ya sindano juu ya skrubu, ngoja dakika chache, jaribu tena. Bado? Kaza kidogo sana kwanza, halafu legeza. Mara nyingi huo mtikisiko mdogo ndio unaovunja gundi ya zamani. Pete kubwa zilizokwama hupenda joto: kikausha nywele dakika moja au mbili, halafu spana.

Asetoni hula rangi, hula plastiki, na ikifika ukingoni mwa vioo vilivyogundishwa italeta balaa jingine. Tone moja, mahali pamoja, basi.

7. Mshale kwenye kila kioo

Kioo cha lenzi kina uso wa mbele na wa nyuma, na ukishakiweka mezani, pande mbili zinaweza kukuchanganya kabisa. Kwa hiyo, kabla ya kukitoa kwenye nyumba yake, chora mshale mdogo kwa penseli laini kwenye ukingo wake mweusi, ncha ikielekea mbele ya lenzi. Penseli haidhuru na inafutika. Ukingo ukiwa hauonekani mpaka kioo kitoke, kitoe kwa kupindua lenzi juu ya kitambaa laini, kishike kwa ukingo, chora hapo hapo kabla hujakilaza.

Ndani ya lenzi kuna pia pete nyembamba zinazotenganisha vioo. Nazo zina mbele na nyuma! Piga picha.

8. Vibapa vioshe, usivitawanye

Hapa ndipo watu wanapopata ushindi wa haraka kuliko mahali pengine. Vibapa vya tundu la mwanga vimeundwa kufanya kazi vikavu. Grisi ya fokasi ikizeeka hutoa mafuta, mafuta yakashuka kwenye vibapa, vikashikana na kuanza kwenda kwa uvivu. Huna haja ya kuvitoa.

Ondoa kundi la vioo la mbele na la nyuma ili vibapa vibaki wazi pande zote mbili. Chovya kijiti cha pamba kwenye petroli ya viberiti, ile safi inayouzwa kwa ajili ya viberiti vya kujaza. Lowesha vibapa, vifungue na kuvifunga mara kadhaa, vikaushe kwa karatasi laini isiyomwaga nyuzi, kisha rudia. Mara ya kwanza karatasi itatoka na madoa ya manjano au ya kijivu. Endelea mpaka itoke nyeupe. Acha hewa ikaushe kila kitu kabla ya kurudisha vioo. Fungua madirisha, na jiko liwe mbali: hiyo ni petroli.

Usiongeze tone lolote la mafuta eti viteleze vizuri. Hapana kabisa.

Na vikitawanyika? Tulia, vinarudi. Kila kibapa kina vipini viwili vidogo, kimoja upande huu, kingine upande wa pili. Kipini kimoja kinakaa kwenye kitundu kisichosogea, cha pili kinaingia kwenye mfereji wa pete inayozunguka. Panga kibapa kimoja kimoja kwa kibano ukifuata mzunguko, kila kipya kikilalia kilichotangulia. Unapofika vibapa viwili au vitatu vya mwisho, nyanyua cha kwanza kwa ncha ya kijiti cha meno na upenyeze hivyo vya mwisho chini yake. Rudisha pete juu, igeuze polepole. Ikigoma, usisukume, kwa sababu kipini kimoja kimetoka njiani na chuma hiki ni chembamba kiasi kwamba kikipinda hakinyooki tena. Fungua, angalia, panga upya. Ni kazi ya subira, na mtu akishaiweza mara moja hatishwi tena na lenzi.

9. Helikoidi: weka alama pale inapoachana

Hiki ndicho kidokezo cha kukata na kubandika ukutani. Helikoidi ni ile mirija miwili au mitatu yenye nyuzi pana ambayo huzungukiana na kusogeza vioo mbele na nyuma unapofokasi. Tofauti na boliti, nyuzi zake zina milango mingi ya kuanzia. Mrija unaweza kuingia vizuri kabisa kwenye mlango usio wake, ukazunguka kwa ulaini wa kupendeza, halafu lenzi ikakataa kufokasi mbali. Milango ni mingi, ulio sahihi ni mmoja.

Fanya hivi. Kwanza peleka fokasi kwenye nane iliyolala, ile alama ya mbali kabisa. Pima kwa venia kimo cha lenzi kutoka mdomo wa nyuma hadi ukingo wa mbele, andika. Chora mstari mmoja kwa kalamu isiyofutika ukivuka sehemu zote. Kisha toa skrubu za kizuizi na vile vipande vya shaba vinavyoongoza mrija usizunguke, na uandike kipi ni cha kulia na kipi cha kushoto. Sasa zungusha polepole kuelekea upande wa fokasi ya karibu. Vuta kwa upole sana huku ukizungusha. Itafika sekunde ambapo nyuzi zinaachiana, utaisikia mkononi. Simama hapo hapo! Chora alama ya pili kwenye sehemu zote mbili palepale zilipoachana, na upige picha kutoka juu.

Siku ya kurudisha, alama hizo zikutanishe, bonyeza kidogo, zungusha. Mrija ukiingia, peleka mpaka mwisho ulinganishe na kile kimo ulichoandika. Kimo kikilingana, umefaulu. Kikipishana, toa na ujaribu mlango wa pili yake. Ukiwa na alama mbili na kipimo kimoja, huwezi kupotea.

Usitoe sehemu zote za helikoidi kwa mkupuo mmoja. Tenganisha jozi moja, weka alama, ndipo uende ya pili.

10. Grisi kidogo, tena ya kazi hiyo

Grisi ya zamani kwenye lenzi za Kisovieti huganda ikawa gundi; ndiyo maana pete inahitaji nguvu ya fundi magari. Itoe yote. Mswaki wa zamani, petroli ya viberiti, kisha maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo kwa sehemu za chuma tupu ambazo hazina kioo. Kausha mpaka ndani ya nyuzi.

Sasa vishawishi vya nyumbani. Vaselini inalainika kwenye joto na kutambaa mpaka kwenye vibapa. Mafuta ya cherehani ni mepesi mno. Grisi ya magurudumu ya gari haikutengenezwa kwa nyuzi laini namna hii, na zile dawa za kupulizia kutu zinaacha utando kwenye kioo. Agiza grisi ya helikoidi, chupa moja ndogo inakutosha miaka. Paka kiasi cha punje ya mchele hapa na pale kwa mswaki mwembamba, ingiza mrija, zungusha kwenda na kurudi mara nyingi ili isambae, futa inayojitokeza. Ikizidi, itarudi kwenye vibapa na utakuwa umejipa kazi ya namba 8 upya.

11. Kuvu inatoka, lakini wahi

Wakazi wa Mombasa, Tanga, Dar es Salaam na Zanzibar, hapa ni pa kwenu. Kuvu hupenda unyevu, giza na hewa iliyotulia, na pwani yetu ina unyevu wa kutosha, hasa masika. Ikishashika kioo hutoa asidi inayokula utando wa kuzuia mng’ao na mwishowe kioo chenyewe. Ya mwezi mmoja hufutika yote. Ya miaka kumi huweza kuacha ramani yake hata baada ya kuoshwa.

Dawa ni haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, ile ya duka la dawa. Toa kioo chenye kuvu, pulizia vumbi, kisha lowesha kijiti cha pamba na ufute uso ulioathirika. Acha unyevu ukae dakika chache, futa, suuza kwa maji yaliyotoneshwa, malizia kwa spiriti. Kama vioo viwili vimegundishwa, visitumbukizwe. Futa tu juu. Safisha pia nyumba ya chuma ya kioo hicho na pete zake, kwa sababu mbegu za kuvu zimejificha humo. Na jiki? Isikaribie lenzi kabisa, wala usiichanganye na dawa nyingine yoyote ya kusafishia. Mchanganyiko wake na amonia hutoa gesi ya sumu.

12. Kioo hufutwa mwishoni, na kwa upole

Mpangilio ni huu: pampu ya mpira, brashi laini, halafu ndipo majimaji. Ukianza na kitambaa, unasugua mchanga juu ya kioo. Upindo wa shati na ncha ya kanga havihusiki hapa, hata viwe safi namna gani.

Tumia spiriti ya aisopropili ya asilimia 99. Ile ya kusafishia vidonda huweza kuwa na vitu vilivyochanganywa vinavyoacha michirizi. Lowesha karatasi, si kioo, anzia katikati uzungushe kuelekea nje, tupa karatasi hiyo, chukua nyingine. Uwe mpole zaidi kwenye lenzi za miaka ya 1930 na 1940. Mbinu ya kupaka kioo utando wa kuzuia mng’ao aliivumbua Alexander Smakula wa Zeiss mwaka 1935, na tando za mwanzo zilikuwa laini, hasa kwenye nyuso za ndani. Kusugua kwa nguvu kunaweza kuuondoa utando huo, na haurudi.

13. Jaribu mbali kabla ya kukaza

Lenzi imerudi, inazunguka vizuri, una furaha. Ngoja kidogo! Usikaze zile skrubu ndogo za pete ya fokasi bado. Ifunge kwenye kamera ya dijitali kwa adapta, fungua tundu mpaka f/2, elekeza kwenye kitu cha mbali sana: mnara wa simu upande wa pili wa mji, au mwezi. Kuza picha kwenye skrini na uzungushe mrija mpaka kitu hicho kikate vizuri. Hapo ndipo shikilia mrija usisogee, geuza pete ya nje mpaka nane iliyolala isimame kwenye alama yake, kaza skrubu kidogo kidogo kwa zamu.

Ila ihakikishe adapta yako kwanza. Uzi wa M42, ule wa kufungia Helios 44-2 kwenye kamera, unataka milimita 45.46 kutoka mdomo wa lenzi hadi kwenye filamu au kihisi. Adapta nyingi za bei nafuu hufanywa fupi kidogo makusudi, na kwa hiyo lenzi nzima isiyo na kosa lolote hupita ile alama ya mbali. Jaribu lenzi nyingine kwenye adapta hiyo hiyo. Kama nazo zinapita, lenzi yako haina shida, iache. Mwenye kamera ya filamu arekebishe kwa kamera hiyo, si kwa adapta.

14. Jua vya kuviacha

Upinde wa mvua ulioonekana kwa tochi? Vioo vya zamani viligundishwa kwa utomvu wa mti wa Amerika Kaskazini uitwao balsamu ya Kanada. Kuvitenganisha kunataka joto la kupanda polepole, na kuvigundisha upya kunataka kuvipanga katikati kwa usahihi mkubwa. Mpelekee fundi, au endelea kupiga picha tu: kama tatizo limebaki ukingoni, mara nyingi huwezi kuliona kwenye picha.

Kioo cha manjano nacho si uchafu. Super-Takumar ya milimita 50 f/1.4 ya Asahi, matoleo yake mengi, ina kioo chenye thoriamu, na mionzi ya thoriamu hukibadilisha rangi kadiri miaka inavyokwenda. Usikisugue. Kiweke chini ya taa ya urujuanimno, au dirishani kwenye jua, kwa siku kadhaa hadi wiki chache, na manjano yatapungua sana. Upande mmoja wa lenzi ufunike kwa karatasi ya foili, kwa sababu lenzi iliyoachwa wazi juani hukusanya miale na huweza kuwasha moto kwenye pazia au meza. Kuipigia picha hakuna tatizo, lakini kioo cha thoriamu hakisagwi wala hakikwanguliwi, maana vumbi lake si la kuvuta.

Kazi ikiisha, usiirudishe lenzi kwenye mkoba wake wa ngozi, hata kama ni mzuri. Ngozi hutunza unyevu. Chukua chombo cha plastiki chenye mfuniko unaobana, weka vifuko vya silika na kipima unyevu kidogo, na ulenge asilimia 40 hadi 50. Mchele hapana, unatoa vumbi la wanga.

Na zaidi ya yote, itumie. Ifunge wikendi hii, simama mita moja kutoka kwa mtu umpendaye akiwa na miti nyuma yake, fungua f/2, uone majani yanavyozunguka nyuma ya uso. Ukishaipata picha hiyo, mwoneshe jirani yako mwenye Zenit kabatini, na umkopeshe bisibisi.